Mwangalie asiye na mpira

Haya jamani, Mtwara kuchele! Huku Ontario ni saa nne usiku, huko kwenu saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo kwenu kumekucha kweli. Mlioko Ligula, Magomeni, Chuno, mlioko Mikindani mnasubiri gari, nawasalimu wote, na Lindi na Ruangwa pia msije mkasema shangazi kawasahau. Nipo ndani ya gari, nimetoka uwanjani sasa hivi, nje ni nyuzi 14 chini ya sifuri, nimewasha hita lakini vidole bado vimekufa ganzi ndo maana mnaona simu inacheza cheza.

Leo namjibu mtu mmoja ila naomba msikilize wote, hasa nyie mnaofundisha watoto. Mtoto wa kaka yangu anafundisha vijana wa chini ya miaka 15 pale Chuno, juzi kanitumia voisi anasema shangazi shikamoo, kuna skauti wa timu moja anakuja kutoka Dar jumamosi ijayo, kaambiwa aandae majina mawili tu, la kwanza analo, ni straika ana magoli kumi na moja, la pili hajui aweke nani. Alafu mwisho wa voisi kabisa, kama vile anakata simu, anasema "kuna kale kabeki kadogo kanakopenda kupiga kelele kupanga wenzake, ila hako hakana hata goli moja." Nimeisikiliza hiyo voisi mara tatu. Mwanangu, shikilia hapo hapo kwenye hako kabeki, nitarudi.

Kwa wageni kwenye chaneli, mi kazi yangu ni usafi kwenye uwanja wa hoki ya barafu. Sio ule mpira wa magongo wa kwenye nyasi, huu unachezwa juu ya barafu, ukumbi wa ndani, wachezaji watano na kipa mmoja kila upande, wamevaa viatu vyenye chuma chini kama kisu, na badala ya mpira wana kidude cheusi cha duara kinaitwa paki, kimetengenezwa kwa raba ngumu kabisa, uzito kama gramu 170, kinagandishwa kwenye friza kabla ya mechi ili kisidundedunde. Kinakwenda kasi mpaka jicho linakikosa. Na ndo hapo wengi tunapokosea, tunahangaika kukifuata kile kidude, tunamaliza mechi hatujamwona mtu hata mmoja.

Kuna mzee mmoja ni skauti, sio skauti wa shule wale wenye skafu shingoni, skauti wa kusaka vipaji, anakuja uwanjani kwetu kila wiki na daftari lake. Hakai na wazazi. Anapanda juu kabisa kwenye kona, anakaa peke yake, na anafika mapema wakati watoto bado wanapasha misuli. Nikawa napita na ufagio, siku moja akaniuliza wewe umemwona nani leo? Nikamwambia namba fulani, akaniuliza kwa nini, nikasema kafunga. Akatikisa kichwa, akasema kesho kaa hapa, usiangalie paki, mchague mtoto mmoja umwangalie yeye tu tangu anaingia mpaka anatoka. Sasa huu ni msimu wa baridi wa tatu nakaa naye nikimaliza zamu, na daftari langu ninalo, hili hapa, mnaliona? Limejaa.

Nilivyomwelewa yule mzee mi nilimkumbuka marehemu baba. Baba alikuwa anapima korosho chama cha msingi, nyie wa Newala, Tandahimba na Masasi mnaijua hiyo kazi. Mkulima anakuja na gunia, juu kaweka korosho nzuri zinang'aa, baba hana habari na zile za juu, anachukua bambo, kile chuma chenye ncha cha kutolea sampuli, anachoma katikati ya gunia, anatoa kiganja cha korosho, anazipasua moja moja anaangalia kiini. Nyingine nje kama dhahabu, ndani imenyauka. Nyingine nje ina doa, ndani nyeupe imejaa. Na hachomi gunia mara moja, anachoma huku, anachoma kule, ndo anataja daraja. Basi goli ni korosho ya mdomoni mwa gunia. Skauti kazi yake ni bambo.

Sasa mechi ya leo. Hawa ni watoto wa miaka 15, na umri huu huku ni wa moto, kwa sababu timu za ligi kubwa ya vijana ya Ontario, wanaiita OHL, zinawachagua wakiwa na umri huo. Ukichaguliwa ukafuzu unaanza kucheza na miaka 16, unahama nyumbani unakwenda kuishi kwa familia nyingine kwenye mji wa timu, na kila msimu unaocheza unawekewa ada ya mwaka mmoja ya chuo. Kwa hiyo wazazi leo matumbo joto, mama mmoja alikuwa amekaa mbele yangu chai imepoa mkononi hajainywa.

Namba 17 kafunga mawili. Uwanja mzima unamtaja yeye. Mzee akaniambia haya, yapasue. Goli la kwanza beki aliteleza akaanguka, 17 akabaki yeye na kipa, hilo hata mwingine angefunga. La pili ni lake kweli, alipokea upande mbaya wa gongo, akaligeuza, akapiga kabla kipa hajahamisha mguu, lile nimeliandikia nyota. Ila mechi iliyobaki mi nilimwangalia akiwa hana paki. Akinyang'anywa anasimama wima, anateleza tu taratibu anaangalia juu, wenzake wanne wanarudi mbio yeye harudi. Alafu jambo jingine, kwenye hoki mnabadilishana bila mechi kusimama, unaingia sekunde arobaini, arobaini na tano hivi, unakimbia kwa nguvu zako zote, unatoka, mwenzio anaingia. Yeye kuna mara alikaa dakika nzima na nusu, miguu imekufa, wenzake benchi wamesimama wanamwita, hatoki, anasubiri nafasi ya goli la tatu. Na goli walilofungwa kipindi cha tatu lilitokea hapo hapo, mtu wake kapita yeye hana pumzi.

Mzee hakumfuta. Hilo naomba mlisikie maana kwetu tukimkosoa mtoto tunamzika kabisa. Aliandika mikono ya kiwango cha juu, kurudi nyuma hapana, niende kumwona tena ugenini. Mechi moja ni bambo moja.

Sasa njooni kwa namba 4. Beki, mdogo, suruali inampwaya. Hakufunga, hakutoa pasi ya goli, mtangazaji hakumtaja jina hata mara moja. Kipindi cha pili paki inatupwa kwenye kona nyuma ya goli lao, yeye ndo yuko karibu, anakimbilia kaupa mgongo uwanja, na nyuma yake wanakuja wawili wakubwa kwa kasi, na umri huu wanaruhusiwa kugongana, wanataka kumbana na ukuta. Mi nilikuwa simwangalii mtu mwingine. Kabla hajaifikia paki akageuza shingo kulia, akageuza kushoto, akarudi kulia tena. Akajifanya anakwenda kushoto, bega lake likainama kidogo tu, yule wa kwanza akalifuata lile bega, yeye akaigusa paki mara moja kwa nyuma ya goli ikamkuta mwenzake yuko peke yake, na timu ikatoka. Sekunde tatu hazifiki. Hakuna aliyepiga makofi, hata wazazi wake nadhani hawakuona. Mzee akachukua kalamu akaandika kwenye daftari langu mimi, tarakimu moja tu, 3. Kageuza shingo mara tatu. Yaani paki inamfika yeye ameshajua kila mtu alipo, hana haja ya kuanza kufikiri.

Nikahesabu mechi iliyobaki. Kila akienda kona anageuza. Kila mara. Akiwa amechoka anageuza. Na kuna mara alikosea, akatoa pasi mbovu ikazaa hatari, kipa akaokoa, aliporudi benchi hakugonga gongo lake ukutani, hakumlaumu mtu, alimwinamia kocha akasikiliza, akanywa maji, zamu yake ilipofika akawa wa kwanza kuruka ukuta. Hiyo nayo inaandikwa.

Alafu mzee akanionyesha karatasi yake ya majina na tarehe za kuzaliwa. Namba 17 kazaliwa Januari, namba 4 Novemba. Wote wanaitwa wa mwaka mmoja kwa sababu huku mwaka unakatwa tarehe 31 Desemba, lakini mmoja kamzidi mwenzake miezi kumi, na kwa mtoto wa miaka 15 miezi kumi ni sentimita kadhaa na kilo kadhaa. Kuna mwanasaikolojia wa hapa Kanada anaitwa Roger Barnsley, yeye na wenzake mwaka 1985 walitoa utafiti wao kuhusu hili, walikuta kwenye hoki ya vijana waliozaliwa miezi mitatu ya mwanzo wa mwaka ni wengi kuliko waliozaliwa mwishoni. Sio kwamba Mungu anagawa kipaji Januari, ni kwamba mtoto mkubwa kidogo anachaguliwa akiwa na miaka minane, anapewa kocha mzuri, anapewa mechi nyingi, basi anaendelea kuwa mzuri. Mdogo anaachwa. Nyie wa UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, mnaochagua kwa kupanga mstari na kuangalia urefu, mnanisikia?

Na wanaoachwa wengine ndo hao baadae. Kuna Mrusi anaitwa Pavel Datsyuk, mdogo wa umbo, miaka ya kwanza ya kuchaguliwa timu zote za NHL, ile ligi kubwa ya hoki ya Marekani na Kanada, zilimpita. Skauti wa timu ya Detroit, Håkan Andersson, alikwenda Urusi kumwangalia mchezaji mwingine kabisa, beki, macho yakamnasa huyu. Wakamchukua mwaka 1998, namba 171. Mia moja na sabini walitangulia! Akachukua Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, mara mbili, 2002 na 2008, na ile tuzo ya mshambuliaji anayejua kukaba kuliko wote akaichukua mara tatu mfululizo. Mshambuliaji, tuzo ya kukaba. Yaani alikuwa hatari zaidi akiwa hana paki.

Na wanaouliza kama na sisi Waafrika tunaucheza, Jarome Iginla baba yake ni Mnigeria, kafunga magoli 625 NHL, na Nairobi hapo jirani kuna timu, Ice Lions, mwaka 2018 walikuja Kanada wakacheza pamoja na nyota wa NHL Sidney Crosby mwenyewe. Hilo nitalitengenezea video yake.

Sasa mwanangu wa Chuno. Nikuambie kitu ambacho baba yako hajawahi kukuambia. Baba yako alikuwa namba tatu, beki wa kushoto. Mi nilikuwa kidato cha pili, siku ya majaribio pale uwanja wa Nangwanda Sijaona nilikaa upande wa jua nimeshika maji yake. Winga wa upande ule mechi nzima hakupiga krosi hata moja, kila akitaka kugeuka kaka yupo, na kaka alikuwa anaanza kusogea kabla pasi haijatoka, nilikuwa naona ila sikuwa na maneno ya kuelezea ninachoona. Mtu aliyetumwa kuchagua alifika zimebaki kama dakika ishirini, akakaa kivulini, akauliza nani kafunga, akaandika majina matatu, wote washambuliaji, akaondoka. Tulirudi Magomeni kwa miguu, viatu kavifunga kamba kavitundika shingoni, njia nzima hajasema neno. Kufika nyumbani akavikosha, akavipigia brashi mpaka kwenye soli, akaviweka juu ya bati vikauke, kama mtu mwenye mechi kesho. Vilikaa pale juu mpaka mvua ikanyesha. Leo anavua Msangamkuu mnamjua wote, na samaki wake tunakula, lakini mimi mpaka leo nikikaa kwenye ile kona juu na daftari, namtafuta yeye.

Kwa hiyo jina la pili umeshalitaja mwenyewe kwenye voisi. Hako kabeki. Mtu anayepanga wenzake ni kwa sababu anaona wote walipo, huwezi kumpanga usiyemwona. Ila usiniamini mimi niko mbali, chukua bambo. Mazoezi ya kesho tafuta kona, usiwe karibu na mstari, usipige kelele, dakika kumi mwangalie yeye tu, mpira ukienda upande wa pili usiufuate. Hesabu anageuza shingo mara ngapi kabla ya kupokea. Angalia akikosea anafanya nini sekunde tano za mwanzo. Keshokutwa rudia, na mechi ya mtaa rudia. Na yule straika mfanyie hivyo hivyo, magoli yake kumi na moja yapasue moja moja, ni mangapi alitengeneza yeye. Muulize kila mmoja amezaliwa mwezi gani. Yaandike, na jumamosi huyo mgeni akifika mpe karatasi mkononi, umwambie mzee wangu, kabla hujauliza nani kafunga, naomba dakika kumi mwangalie huyu.

Na mwombe baba yako siku hiyo asiende baharini, aje akae na wewe hapo konani, yeye hahitaji daftari. Mechi saa kumi jioni huku itakuwa saa mbili asubuhi, nitakuwa nimeamka, nipigieni video.