Mcheza Kwao Hutunzwa: Gemu, Hadithi na Tuzo Zilizochelewa

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, na wanafunzi mliokaa hadi kwenye ngazi, ahsanteni kwa kuja. Nimepewa saa moja. Nitatumia chini ya hapo, maana naona nyuso za watu waliokuja kubishana.

Dai langu nalitoa sasa hivi ili tusizungushane. Gemu za kompyuta ni bunilizi ya kisayansi na fantasia kamili, na zinastahili tuzo zilezile ambazo riwaya na filamu zimekuwa zikigawana kwa miaka mingi. Hilo siku hizi linakubalika, japo kwa shingo upande. Ninacholalamikia mimi ni kwamba tumeanza kuzitunza huku tukizisoma vibaya. Tunaitafuta hadithi kwenye maneno yaliyoandikwa, ilhali hadithi ya gemu imo katika kile ambacho mchezaji anafanyishwa.

Kwanza undugu wenyewe, kwa kifupi. Mwaka 1962 pale chuo cha MIT, Marekani, Steve Russell na wenzake walitengeneza Spacewar! kwenye kompyuta ya PDP-1: vyombo viwili vya angani vinarushiana makombora huku nyota iliyo katikati ya skrini ikivivuta. Vijana wale walikuwa wamezama katika riwaya za anga za E. E. Smith, na picha ile waliitoa humo. Katika miaka ya 1970 Will Crowther akaandika Adventure, pango unalolipita kwa kusoma na kuchapa maneno matupu, kisha Don Woods akalitia mambo ya fantasia. Mwaka 1984 Douglas Adams, ambaye vichekesho vyake vya anga vilikuwa vimeshampa jina, aliketi na Steve Meretzky wa kampuni ya Infocom wakaigeuza kazi yake kuwa gemu. Kwa hiyo anayesema gemu zimevamia uwanja huu juzi, asome upya historia. Waandishi walivuka mpaka mapema. Waliochelewa ni wagawa tuzo.

Na walichelewa kweli. Tuzo za Hugo, za bunilizi ya kisayansi na fantasia, zilianza mwaka 1953, na hutolewa kwa kura za wanachama wa Worldcon, kongamano la mashabiki wa fani hii. Mwaka 2006 waandaaji walijaribu kuweka kipengele cha gemu. Mapendekezo yaliyoletwa yakawa machache mno, kipengele kikafutwa kabla ya kura. Ikapita miaka 15. Mwaka 2021 kikaja kipengele maalumu cha mara moja, na Hades ya studio ya Supergiant ikashinda. Baadaye gemu zikaingia kwenye katiba ya Hugo yenyewe: mwaka 2024, Glasgow, ikashinda Baldur's Gate 3, na mwaka uliofuata Caves of Qud.

Wenzao wa Nebula, ambazo hupigiwa kura na waandishi wa fani hii, waliwatangulia kidogo kwa kuanzisha tuzo ya uandishi wa gemu kwa kazi za mwaka 2018. Mshindi wa kwanza? Bandersnatch ya Charlie Brooker, iliyorushwa na Netflix. Yaani tuzo ya kwanza ya gemu ilikwenda kwa filamu ya televisheni ambayo mtazamaji anachagua njia kwa rimoti. (Kicheko.) Mnacheka, lakini jambo hilo linatuonyesha wapiga kura walijisikia nyumbani wapi. Walitunza kitu wanachoweza kukitazama wameegemea kiti.

Hebu sasa tuingie ndani ya gemu moja. Inaitwa Outer Wilds, ilitoka mwaka 2019, kazi ya studio ndogo ya Mobius Digital. Ambaye hajaicheza na anakusudia kuicheza, atoke nje akanywe maji, kwa sababu naenda kumharibia kila kitu.

Unaamka kando ya moto wa kambi, kwenye sayari ndogo yenye miti mirefu. Una chombo cha angani kilichoungwaungwa ambacho mtu mwenye akili timamu asingekipanda. Unapaa. Dakika 22 baadaye jua linalipuka, linameza kila kitu, nawe unaamka tena kando ya moto uleule. Hakuna silaha unayopewa wala nguvu unayoongezewa, na hakuna mlango unaofunguka kwa kuwa umekusanya pointi. Unachobaki nacho ni ulichokijua, basi. Kuna sayari mbili pacha zinazomwagiana mchanga, hivyo pango linalopitika mwanzoni mwa safari linakuwa limefukiwa ukichelewa. Kuna sayari nyingine inayomomonyoka vipande vipande, na vipande vyake vinatumbukia kwenye shimo jeusi lililo tumboni mwake. Ukichelewa, umechelewa, subiri jua lilipuke, anza upya.

Huku na huko unakuta maandishi ya watu walioitwa Nomai, waliotoweka zamani. Unayasoma, unaunganisha, na taratibu unaanza kuwashuku. Walikuwa wakijenga kituo karibu kabisa na jua, na kazi ya kituo hicho ilikuwa kulilipua jua kwa makusudi. Hapo unapata lengo: nikifikie kituo, nikizime, niokoe watu wangu. Sote tumesoma hadithi za mashujaa, tunajua njia hiyo inaishia wapi.

Kukifikia kituo ni shughuli. Wengi huungua mara nyingi kabla ya kuingia mle ndani. Ukiingia, unasoma taarifa ya wajenzi wenyewe: jaribio lilishindikana. Kituo hakikuwahi kufanya kazi. Jua linakufa kwa sababu limefika mwisho wa umri wake, na nyota nyingine kote angani zinakwenda hivyohivyo. Hakuna adui wala swichi ya kuzima.

(Kimya kidogo, mtu mmoja pembeni anasema "Daah.")

Ndiyo, "daah." Sasa tuulizane hiyo daah imetoka wapi. Riwaya ingeweza kunisimulia mwanasayansi ambaye dhana yake imeanguka, nami ningemhurumia. Kwenye gemu hii hakuna mhusika aliyekuambia kituo ndicho chanzo. Dhana uliijenga mwenyewe, kwa ushahidi uliouokota kwa shida, ukaishikilia kwa saa nyingi, kisha ushahidi mwingine ukaivunja mbele ya macho yako. Bunilizi nyingi za kisayansi zinaeleza habari za sayansi. Hii inamfanya mtu afanye sayansi, pamoja na maumivu yake ya kukosea. Sijui kazi nyingine ya fani hii, kwa umbo lolote, iliyolifanya jambo hilo vizuri zaidi.

Outer Wilds iliingia kwenye orodha ya mwisho ya Nebula ya mwaka wake, pamoja na Disco Elysium. Iliyoshinda ni The Outer Worlds ya studio ya Obsidian. Sina ugomvi na mshindi. Majibizano yake yameandikwa kwa ustadi, na kejeli zake kwa makampuni yanayomiliki watu hadi makaburini zinachekesha kweli. Lakini chukua maandishi yake yote uyachape kwenye karatasi, utabaki na tamthilia nzuri. Yachape ya Outer Wilds, utabaki na rundo la barua za marehemu. Mwalimu wa fasihi atasema la kwanza ndilo lililoandikwa vizuri zaidi, na kwa kipimo cha karatasi yuko sahihi. Shida ni kipimo. Sisi tuliofundishwa kuchambua fani na maudhui tunajua kwamba vina na mizani si mapambo ya shairi, ni sehemu ya maana yake. Katika gemu, kanuni za mchezo ndizo fani: dakika 22, mchanga unaojaa, kutokubaki na chochote. Ukizipuuza hujaisoma kazi.

Tena tuna tabia ya kusifia wingi. Disco Elysium ina maneno zaidi ya milioni moja, na kila anayeitetea huanza na takwimu hiyo. Mimi naipenda Disco Elysium kwa jambo jingine kabisa: stadi za mpelelezi zina sauti zake kichwani mwake, zinabishana, na nyingine zinamdanganya. Ukiongeza alama kwenye stadi fulani umeipa sauti hiyo nafasi ya kupiga kelele. Kujenga mhusika na kuchagua msimulizi ni kitendo kimoja. Hata ingekuwa na robo ya maneno yale, wazo hilo lingesimama.

Hades, ile ya mwaka 2021, nitaipitia haraka ingawa inastahili muda. Gemu nyingi zina aibu moja zinayoificha: shujaa anakufa, mchezaji anarudishwa nyuma kidogo, na sote tunajifanya kifo kile hakikutokea. Hades iliichukua aibu hiyo ikaifanya hadithi. Zagreus, mwana wa mungu wa kuzimu, anajaribu kutoroka kwa baba yake. Akifa anarudi nyumbani, anapita mbele ya baba anayemkejeli, watu wa nyumbani wanamuuliza safari hii kilichomwua ni nini, na kila anayemuuliza anasogeza mbele kisa chake. Siku anapofanikiwa kufika juu anamkuta mama yake, Persephone, wanazungumza maneno machache, kisha anaanguka na kufa, kwa kuwa mtu wa kuzimu haishi muda mrefu juani. Inabidi arudie. Mtoto anampata mama yake kwa vipande, kila kipande kwa jasho. Kitabu cha kurasa mia tano hakiwezi kukutoza jasho hilo.

Kuna wanaosema hadithi za gemu nyingi ni mbovu. Ni kweli, na nyingine ni mbovu kupita kiasi. Shujaa anatuonyeshwa ni mtu mpole mwenye majonzi, halafu mchezaji anakabidhiwa bunduki na kuua watu mia mbili kabla ya majonzi yanayofuata. Clint Hocking, ambaye mwenyewe ni mbunifu wa gemu, aliliandika hili mwaka 2007 kuhusu gemu ya BioShock: kanuni za mchezo zilikuwa zikisema jambo moja na masimulizi jambo jingine. Ninachoomba ni kwamba ubovu huo uhukumiwe kama ubovu wa fasihi, kwa kuonyesha mahali fani ilipoisaliti maudhui. Hatuifuti riwaya kama fani kwa sababu ya riwaya mbovu, na za hizo tuna akiba ya kutosha.

Wapo pia wanaosema gemu haina mtunzi. NieR: Automata, ya mwaka 2017, iliongozwa na Yoko Taro, na sahihi yake inaonekana toka mbali, ingawa walioijenga ni wengi. Inahusu androidi wanaouliza kilichobaki cha nafsi ukiiondolea kumbukumbu. Mwishoni kabisa, orodha ya majina ya watengenezaji inapopita, inakubidi upigane na majina yenyewe. Unashindwa, unashindwa, kisha wanakuja kukusaidia wachezaji usiowajua. Baadaye unaulizwa: uko tayari kufuta data yako yote, saa zako zote, ili nawe umsaidie mtu usiyemjua? Ukikubali, inafutwa mbele yako, menyu moja baada ya nyingine. Swali lililokuwa la androidi sasa ni lako, na jibu lina gharama. Mwaka ule Hugo na Nebula hazikuwa na kipengele chochote cha kuipokea.

Lililo gumu kweli ni wapiga kura, na hapa sina majibu mepesi. Riwaya ndefu mtu mzoefu ataimaliza wikendi. Baldur's Gate 3 inaweza kula saa mia moja, inataka mashine yenye nguvu, na wapiga kura wawili wanaweza kuicheza hadi mwisho wakaona visa tofauti kabisa. Waliopiga kura bila kuimaliza bila shaka walikuwepo. Mimi ningeridhika na mpiga kura aliyecheza saa ishirini kwa makini kuliko aliyetazama video ya muhtasari, kwa sababu video inakuonyesha maudhui na kukuficha fani.

Kisha kuna uhifadhi. Mwaka 2023 wakfu wa Video Game History Foundation ulichapisha utafiti uliokuta kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani hazipatikani tena sokoni kwa njia halali. Katika orodha ileile ya Hugo ya mwaka 2021 ilikuwamo Blaseball, mchezo wa besiboli ya ajabuajabu ulioishi kwenye kivinjari, ambapo mashabiki walipiga kura kubadili kanuni na hadithi ikaota kutokana na kura hizo. Ilifungwa mwaka 2023. Riwaya iliyoshindwa Hugo miaka sitini iliyopita naweza kuiazima maktaba. Hii iliyoshindwa juzi haichezeki tena. Kama tuzo zina kazi yoyote zaidi ya kombe na makofi, mojawapo ni kuwaambia watunza kumbukumbu kipi kisiachwe kipotee.

Naona mkono kule nyuma. Tafadhali.

(Swali: je, gemu ambayo karibu haina maneno kabisa inaweza kushinda tuzo ya hadithi?)

Swali zuri. Nitakupa mfano: Shadow of the Colossus ya Fumito Ueda, ya mwaka 2005. Kijana anataka kumfufua msichana aliyekufa, anaambiwa awaue majitu 16. Mazungumzo yake yanaenea kwenye kurasa chache tu. Kila jitu likianguka muziki haushangilii, unaomboleza, na mwili wa kijana unazidi kuchakaa. Unaelewa kwamba unafanya kosa, na bado unamtafuta jitu anayefuata. Kwenye Nebula ingepata taabu, kwa sababu ile ni tuzo ya uandishi, ingawa mwaka walioipa tuzo gemu ya Elden Ring, ambayo kisa chake kimetawanywa kwenye maelezo ya panga na pete, walionyesha kwamba wanaweza kusoma kwa namna nyingine. Kwenye Hugo ingekuwa na nafasi, maana kipengele chao kinaitunza kazi nzima, na kanuni yao inataka mchango wa mchezaji uwe sehemu ya kazi yenyewe. Mimi ningeipigia kura. Anayefuata?