Hadi Diski Inalia na Kompyuta Imetulia: Tuusikilize Mlio

Sikilizeni kwanza. Krr… krr-krr… krr. Hiyo ni kompyuta yangu. Sijagusa kipanya kwa dakika kumi, sijafungua programu yoyote, na bado hadi diski, yaani hard disk, ile diski ya kuhifadhia mafaili, inakwaruza utadhani kuna panya ndani ya boksi. Kama yako nayo iko hivyo, kaa tuifuatilie pamoja.

Ila wewe ambaye yako haikwaruzi bali inagonga, ta, ta, ta, kwa mapigo yaleyale, huku kompyuta ikiganda kila mara, simamisha video sasa hivi. Chomeka diski ya nje, nakili kwanza vitu usivyoweza kuvipata tena kokote, picha na nyaraka, ndipo urudi. Uchunguzi unaweza kusubiri. Diski inayogonga haisubiri.

Haya, tuliobaki. Hatua ya kwanza ni kujua nani anapiga kelele. Zima, fungua ubavu wa boksi, washa tena, mikono iwe mbali na feni. Sasa gusa ubavu wa chuma wa hadi diski kwa ncha ya kidole, si upande wenye saketi. Uko sawa? Sahani za ndani, zile zinazotunza mafaili yako, zikizunguka unasikia mtetemo laini usiokatika, na kila mkwaruzo unaupokea kidoleni. Kama kidole hakipokei chochote na kelele ipo, mshukiwa ni feni. Na kama diski yako ni SSD, yaani ile isiyo na sahani, usihangaike nayo, ndani yake hakuna kitu kinachosogea.

Hatua ya pili: tikisa kipanya. Mkwaruzo umekoma? Basi umeshapata jibu. Windows husubiri uondoke ndipo ifanye usafi wake: kupanga orodha ya kutafutia mafaili, kukagua virusi, kupanga upya diski. Ukitaka kuwaona wahusika kwa majina, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika resmon, programu ya Windows inayoonyesha nani anatumia diski, kisha fungua sehemu ya Disk. Ukiona SearchIndexer.exe ndiyo inayosoma sana, ni ile orodha. MsMpEng.exe ni kinga ya virusi ya Windows yenyewe. Waache wamalize. Mimi huwa siwazimi, kwa sababu ukiwazima leo, kesho unalalamika kuwa kutafuta faili kunachukua karne.

Hatua ya tatu ndiyo inayowachanganya wengi. Resmon iko kimya, hakuna anayesoma wala kuandika, lakini unasikia tik moja, kimya, halafu tik nyingine. Hapo vichwa vya kusomea vinaenda kupumzika pembeni ya sahani. Baadhi ya diski huvipumzisha baada ya sekunde chache tu za utulivu ili kuokoa umeme, kisha programu fulani inaomba kitu kidogo na vinaamshwa tena. Ya kwangu ilinifanya hivyo usiku mzima, nikadhani inakufa. Haikuwa inakufa, ila kulala na kuamka huko kunahesabiwa, na diski nyingi zimetengenezwa kuvumilia mara 300,000 au 600,000.

Kwa hiyo hatua ya nne, tuisome hesabu yenyewe. Fungua CrystalDiskInfo, programu inayosoma ripoti ya afya ya diski, ni ya bure. Tafuta mstari wa C1, ndiyo hesabu ya kulala na kuamka kwa vichwa. Angalia hapa kwenye skrini: 0493E0. Usiogope herufi hizo, programu huanza na hesabu ya heksadesimali, inayotumia namba na herufi A hadi F, na hiyo ni 300,000 kamili. Ingia Function, Advanced Feature, Raw Values, chagua 10 [DEC], upate namba za kawaida.

Sasa panda juu hadi mstari wa 05, kisha shuka C5. Ya 05 ni sehemu mbovu ambazo diski imeshazihamisha, C5 ni zile inazozitilia shaka. Sifuri kote, na mlio ni ule wa tik, endelea na kazi zako. Zikiwa na namba, rudia kesho na keshokutwa. Zikipanda, nunua diski nyingine. Na sifuri isikudanganye kama diski inagonga: zipo zinazokufa na ripoti safi kabisa.

Halafu usiifungue. Kichwa kinaelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu, na punje ya vumbi kwake ni jabali. Na ile dhana ya kuiponya kwa kuiweka kwenye friji, tafadhali, hapana.