Peke Haisimami Peke Yake: Mhadhara Kuhusu Maneno ya Upweke na Utawa

(Mhadhara uliotolewa Nairobi mbele ya walimu, wanafunzi na wapenzi wa Kiswahili. Umeandikwa kama ulivyosemwa, pamoja na maswali mawili ya mwisho.)

Wazee wangu, walimu wenzangu, masista mliofika, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, hamjambo.

Nitaanza na neno mnalolitumia kila siku: peke. Hebu lisemeni bila kuliongezea kitu. "Nimekuja peke." Mnaona sikio linavyongoja? Lazima useme peke yangu, peke yako, peke yake. Neno letu la kukaa bila mtu halikubali kukaa bila mtu. Wanasarufi wana maelezo yao na sitawaingilia. Mimi nalichukua kuwa dokezo la jambo nililokuja kulisema: maneno ya upweke na ya utawa, yetu na ya wageni, ukiyafuata nyuma unayakuta katikati ya watu. Yameazimwa, yamehama kutoka dini hadi dini, na mengine yalipoanza hayakuwa na habari ya sala hata kidogo.

Kiswahili chenyewe hakiupendi upweke. Wahenga walisema upweke ni uvundo, wakamaliza. Ukiwa ni mbaya zaidi: huo ni upweke wa aliyefiwa au aliyeachwa, wa nyumba iliyohamwa. Wafasiri wa Biblia walipofika kwa manabii wanaotabiri miji kubaki magofu, neno waliloshika ni hilo. Faragha ndiyo yenye nafuu, maana ni upweke wa kujitakia. Imetoka kwenye Kiarabu, ambako shina lake ni la utupu na la kuwa huna shughuli. Kuna pia itikafu, ya kukaa msikitini, hasa kumi la mwisho la Ramadhani. Asili yake ni kushikamana na mahali usibanduke. Na kuna eda ya mjane, miezi minne na siku kumi. Eda maana yake ni hesabu. Huo ni upweke wenye tarehe ya kuisha, na mjane hukaa eda huku nyumba imejaa ndugu na majirani.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye neno mtawa.

Mkimuuliza mtoto wa Nairobi mtawa ni nani, atawaambia ni sista. Shela kichwani, msalaba kifuani, anafundisha au anaendesha zahanati. Lakini neno hili halikuzaliwa kanisani. Kutawa, kwa watu wa Mombasa, Lamu na Pate, kulikuwa ni kukaa ndani. Mwanamke wa nyumba bora, hasa akishaolewa, alitawa: haonekani sokoni, haendi kisimani, wageni wa kiume huishia dakani. Ile nyumba ya mawe ya Lamu ilijengwa kwa hesabu hiyo. Unaanza na daka, kibaraza cha mlangoni, kisha kiwanda kilicho wazi juu, kisha vyumba vinavyofuatana kuingia ndani, kila kimoja na giza na heshima zaidi ya kilichotangulia, mpaka ufike chumba ambacho jina lake ni Ndani, basi. Huko ndiko alikokaa mtawa.

Na alipolazimika kutoka, kwenda kwenye harusi au matanga, alitoka na nyumba yake. Alifunikwa na shiraa. Shiraa ni neno la tanga la chombo, na kitu chenyewe kilikuwa kitambaa kizito kilichotandazwa juu ya miti, mithili ya hema linalotembea, bibi akiwa katikati. Miti ilibebwa na nani? Na watumwa wa kike. Hapa ndipo ninapowaomba msiuone utawa kwa macho ya mapenzi tu. Wakati bibi anatawa, mtu mwingine anachota maji, anatwanga na kwenda sokoni, na huyo hakuna aliyemwita mtawa. Utawa ulikuwa cheo. Utumwa ulipopigwa marufuku katika pwani ya Kenya mwaka 1907, shiraa ilianza kukosa mikono ya kuibeba, na buibui, vazi ambalo kila mwanamke angeweza kulivaa mwenyewe, likashika nafasi yake.

Ila neno lilikuwa limeshapata maana ya pili hata kabla Kanisa halijalifikia. Mtu anayekaa kwake, asiyetangatanga wala kuzozana, alionekana mchaji. Kwa hiyo utawa ukawa pia ucha Mungu. Wamisionari Wakatoliki walipotafuta jina la wanawake na wanaume walioweka nadhiri, walilikuta neno hilo tayari limekolea maana hiyo, wakalichukua. Kwa hiyo sista mnayemsalimia kwenye matatu ya Kangemi anaitwa kwa jina la bibi wa Kiislamu aliyekuwa hatoki nyumbani. Sijui kama kuna mzaha mzuri zaidi katika lugha yetu.

Na si neno hilo tu. Nadhiri ni Kiarabu. Utii ni Kiarabu. Nadhiri ya kutomiliki mali huitwa ufukara, na fukara ametoka kwa fakiri, jina ambalo masufi wamejiita kwa karne nyingi: maskini mbele ya Mungu. Mtawa wa Kikatoliki anapopiga magoti kuahidi ufukara na utii, nusu ya ahadi yake imetamkwa kwa maneno ya msikitini. Useja ndio ulio wetu. (Mvita mmoja aliwahi kunichekesha kwa kunikumbusha kwamba kwao tawa ni chawa. Nikamjibu ndiyo maana kidole kimoja hakimvunji.)

Tuwageukie wageni. Mmonaki, yaani mtawa wa kiume, na monasteri, makao yake, ni maneno ya Kigiriki, kutoka monos, yaani mmoja, pekee. Hata mji wa München huko Ujerumani umepata jina kwa wamonaki, na kwenye nembo yake yupo mmoja amesimama. Hilo halina ugumu.

Hermiti, mtawa anayeishi peke yake, ana utamu zaidi. Ametoka kwenye eremos, mahali patupu pasipo watu. Fungueni Injili ya Mathayo, sura ya 3: "Sauti ya mtu aliaye nyikani." Hiyo nyika, kwa Kigiriki, ni eremos. Basi hermiti, tukimtafsiri mbichi, ni mnyika. Na mnajua watu wa pwani walimwita nani Mnyika. Walikuwa wakiwaita hivyo ndugu zetu wa kaya, kwa dharau, mpaka wenyewe katika miaka ya 1940 wakasimama na jina la Mijikenda. Neno lile lile: Misri likampa mtu utakatifu, na huku kwetu likamvua mtu heshima. Tofauti ni nani anayeitazama nyika na amesimama wapi.

Neno la tatu ni anakoreta, mtawa aliyejitenga na watu, kutoka anakhoresis, kujiondoa. Hili nalipenda kuliko yote. Katika Misri iliyotawaliwa na Roma, karatasi za mafunjo za serikali zinalitumia neno hilo kwa wakulima waliolemewa na kodi wakaacha mashamba na vijiji wakatoroka. Anakhoresis lilikuwa neno la ofisini, la mtoza kodi anayehesabu waliokimbia. Kisha karne ya 3 na ya 4 wakaja watu kama Antonio, aliyetoa mashamba aliyorithi akaingia jangwani, na neno la mkwepa kodi likamvaa mtakatifu. Jirani aliyemwona Antonio akiondoka bila shaka alidhani ana deni.

Lakini je, Antonio aliupata upweke? Alifariki mwaka 356, na Athanasio, askofu wa Aleksandria aliyeandika maisha yake, anasema watu walimfuata kwa wingi mpaka jangwa likawa mji. Alisogea ndani zaidi, wakamfuata. Mwenzake Pakomio, aliyewahi kuwa askari, aliona heri kulipanga jambo. Karibu na mwaka 320, huko Tabennisi kando ya Nile, aliwaweka watu pamoja chini ya ukuta mmoja na ratiba moja. Jina la mtindo huo ni koinobion: koinos, ya pamoja, bios, maisha, ile ile ya baiolojia. Tangu hapo wengi wa wanaoitwa "wapweke" kwa jina wameishi kwa makundi.

Dada zangu mliosoma Loreto, Msongari au Valley Road, mlikuwa mkisema mko konventi. Konventi ni Kilatini, conventus, makutano, kuja pamoja. Neno hilo halina upweke hata chembe. Kinachofunga ni klosta, sehemu ya ndani ya monasteri, kutoka claustrum, kitu cha kufungia, na hiyo ingeelewana vizuri sana na chumba cha Ndani cha Lamu.

Majina ya watu nayo ni ya ukoo mtupu. Abati, mkuu wa monasteri, ni abba, Kiaramu, baba, mmelikuta kwenye Warumi, "Aba, yaani, Baba." Waingereza humwita sista nun, neno lililotoka kwenye nonna ya Kilatini, jina la heshima la mama mtu mzima, na Waitaliano mpaka leo nonna kwao ni nyanya. Sista, bruda, padre. Mtu anaacha baba, mama, kaka na dada, kisha anakwenda kuwapata wote mahali pamoja.

Benedikto wa Nursia, katika karne ya 6, aliandika Kanuni ambayo sura yake ya kwanza inagawa wamonaki mafungu manne. Mawili anayakubali: wanaoishi pamoja, na wanaokwenda peke yao wakiisha kukomaa. Mawili anayachapa. Kuna wale wa wawiliwawili, watatuwatatu, wasio na kanuni wala mkubwa, ambao wakitakacho hukiita kitakatifu. Na kuna wazururaji, girovagi, wanaozunguka nchi baada ya nchi wakilala kwa huyu siku tatu, kwa yule siku nne, maisha yao yote. Nikiisoma sehemu hiyo nasikia sauti ya nyumbani: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na jembe Benedikto alilitoa kweli, maana sura ya 48 inasema uvivu ni adui wa roho, kisha inapanga saa za kazi ya mikono. Ukifika Tigoni, Limuru, utawakuta Wabenedikto. Tanzania wako Peramiho tangu 1898 na Ndanda tangu 1906, na vitabu vya Kiswahili walivyochapa vimefika kwenye rafu nyingi za nyumba zetu.

Chumba cha mmonaki ni seli. Cella kwa Kilatini ilikuwa chumba kidogo, hata stoo. Leo mwanao wa shule anachora seli za kitunguu, na mwenzake aliyekamatwa Ijumaa usiku analala seli mpaka Jumatatu. Watu hupenda kusema Robert Hooke, mwanasayansi Mwingereza, alipoziona seli za gome la mti kwa hadubini na kuchapisha habari zake mwaka 1665, aliwakumbuka wamonaki. Lakini kitabu chake kinataja sega la asali.

Waarabu humwita mmonaki rahib, kutoka kuogopa: mwenye kumcha Mungu. Waethiopia huita monasteri dabr, mlima, na Debre Damo kule Tigray mpaka leo mwanamume hupandishwa kwa kamba, na mwanamke hapandi kabisa. Mgiriki alitazama umoja, Mwarabu hofu, Mhabeshi mlima. Mswahili alitazama mlango uliofungwa.

Mfano wa mwisho ni wa hapa nchini. Watrapisti, wamonaki wa ukimya mkali, walikuwa na monasteri karibu na Kipkelion tangu miaka ya 1950. Mwanzoni mwa 2008, ghasia za uchaguzi zilipowaka, maelfu ya watu waliofukuzwa makwao walikimbilia viwanja vyao. Wale waliojiondoa ulimwenguni wakapelekewa ulimwengu mlangoni, na magodoro yake na watoto wake. Baadaye wamonaki wenyewe walihamia Uganda. Anakhoresis, kwa maana zote mbili, katika shamba moja. Nimefika mwisho wa karatasi zangu, ulizeni.

Sista mmoja wa mstari wa mbele: Mwalimu, kwa hiyo unasema sisi tunaofanya kazi hospitalini na mashuleni hatustahili kuitwa watawa, maana hatukai ndani?

Jibu: La, Sista, mnastahili zaidi ya bibi wa shiraa, maana nyinyi hambebwi. Neno likishahamia nyumba mpya hula chakula cha nyumba hiyo. Ninachoomba ni kwamba tunapotunga kamusi tusiifute ile maana ya kwanza, kama zinavyofanya baadhi zinazoanza na kanisa na kuishia hapo.

Kijana wa nyuma: Na hermiti tumwite nani kwa Kiswahili?

Jibu: Wakatoliki huandika mkaapweke. Limeundwa kwa vipande vyetu na hata mtoto analielewa, kwa hiyo nalipa alama nzuri kuliko hermiti. Kasoro yake ni kwamba linabeba ule uvundo wa wahenga, na mtu huyu kajitakia. Kwa usahihi wa asili, tungemwita mnyika. Lakini naona mzee wetu wa Kaloleni, ile ya Kilifi kwa Wamijikenda, siyo hii ya Jogoo Road, ameshanyoosha mkono, na kwa uso huo siamini anataka kuniunga mkono. Karibu, mzee.