"In", "On", "At": Kuanzia Saa Hadi Picha

Karibuni. Shikeni daftari na kalamu, maana leo tunapambana na vijineno vitatu vya Kiingereza, vifupi lakini visumbufu: "in", "on" na "at". Tutaanza na wakati, kisha tuhamie kwenye picha.

Wakati unatutatiza kwa sababu Kiswahili hakidai kihusishi hapo. Unasema "nitakuja Jumatatu", "tuonane saa nane", umemaliza. Kiingereza kinataka kineno katikati, nasi ama tunakisahau, ama tunachomeka "in" kila mahali.

Hatua ya kwanza. Chora duara kubwa, ndani yake duara dogo, na katikati kabisa weka nukta. Duara kubwa liandike "in": humo mnakaa mwaka, majira na mwezi. "In 2019", "in summer", "in March". Duara dogo ni "on", makao ya siku na tarehe: "on Monday", "on 5 March". Nukta ni "at", ya saa: "at noon", "at eight o'clock". Na hiyo "eight o'clock", ikiwa ni ya asubuhi, ni saa mbili yetu. Usije ukapatia kihusishi ukakosea saa!

Hatua ya pili, vipande vya siku. "In the morning", "in the afternoon", "in the evening", halafu ghafla "at night". Usitafute haki hapa, kariri tu. Ila asubuhi ikishatajwa pamoja na siku yake, siku ndiyo inayotawala: "on Monday morning". Mwisho wa juma, Waingereza husema "at the weekend", Wamarekani "on the weekend". Chagua upande mmoja ubaki nao.

Hatua ya tatu, futa. Mbele ya "next", "last", "this" na "every" kihusishi kinaondoka. "I saw her last Friday", basi. Hapa mazoea ya Kiswahili yanatuokoa.

Kabla hatujaacha wakati, tazama treni ya saa mbili. Ikiondoka saa mbili kamili, imeondoka "on time", yaani kwa ratiba. Wewe ukifika saa mbili kasorobo, umefika "in time", yaani umewahi.

Sasa picha. Zamani niliandika "There is a man on the picture". Mwalimu akaniuliza huyo mtu ameikanyaga picha kwa sababu gani. Darasa zima lilicheka, na mimi sikuelewa kosa langu hadi nilipogundua kwamba jibu limo ndani ya Kiswahili chenyewe.

Sema sentensi mbili hizi kwa sauti. "Pichani mna mbwa." "Pichani pana vumbi." Mbwa yumo ndani, ni sehemu ya kilichopigwa. Vumbi liko juu ya karatasi, unaweza kulipangusa. Basi "mna" ni "in", na "pana" ni "on": "There is a dog in the picture", "There is dust on the picture". Neno linalotuponza ni "kwenye", kwa sababu linafunika yote mawili. Ukijikuta unafikiria "kwenye picha", jiulize kwanza: mna, au pana?

Kipimo hichohicho kinafaa ukutani. Picha imetundikwa juu ya ukuta, "on the wall". Tundu limeingia ukutani, "in the wall". Gazetini hali inachanganya kidogo: picha iko "in the newspaper", lakini "on page five". Na kuitazama ni "look at", kihusishi hicho usikiache.

Hatua ya mwisho, kueleza mahali ndani ya picha. Pembeni ni "on": "on the left", "on the right". Juu na chini ni "at": "at the top", "at the bottom". Katikati, nyuma na kwenye kona ni "in": "in the middle", "in the background", "in the top left-hand corner".

Angalia picha hii kwenye skrini. Mwanamke amesimama kushoto, nyuma yake kuna mlima, chini imechapwa tarehe 5 Machi 2019, na mtu ameweka saini kwa kalamu. Simamisha video, andika sentensi nne.

Tayari? "There is a woman on the left." "There is a mountain in the background." "There is a date at the bottom." Saini ni wino juu ya karatasi, kwa hiyo "There is a signature on the picture."

Ukitaka kusema ilipigwa lini, rudi kwenye duara dogo: "It was taken on 5 March 2019." Na kama pangechapwa mwezi na mwaka tu bila siku, ungetoka hadi duara kubwa: "It was taken in March 2019."