Kitabu Kingali Mkononi: Mhadhara kwa Wasomaji wa Mwanza

Ndugu mwenyekiti, walimu, wazazi na vijana mliofika, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie usomaji wa vitabu, nami sitatumia muda wenu kulalamika kwamba watu hawasomi, kwa kuwa ninyi mlioketi mbele yangu mnasoma na lawama hizo haziwahusu. Ninalotaka kulisema ni kwamba msomaji ana wajibu wa kuwaeleza wenzake anachokisoma, na kwamba wakati bora wa kuutimiza wajibu huo ni pale kitabu kingali mkononi, hakijaisha.

Nasema wajibu kwa makusudi. Ukiingia katika maduka yetu mengi ya vitabu utakuta rafu zimejaa vitabu vya kiada, madaftari na kalamu, na riwaya chache zikiwa zimebanwa kwenye kona, nyingi zikiwepo kwa sababu tu zinatahiniwa shuleni. Riwaya haitangazwi redioni kama sabuni. Kinachoitoa nyumba moja ya Kirumba na kuifikisha nyingine ya Nyegezi ni mdomo wa aliyeisoma, na mdomo huo ukinyamaza, kitabu kinabaki kilipo.

Nianze basi na changu. Kwa sasa ninasoma upya riwaya ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kisiwa kilichomo katika Ziwa Victoria, *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*. Nipo katika sehemu za mwanzo, ambapo Bugonoka amechukuliwa na wazazi wake kwa sababu ndugu wa mumewe walimsimanga kwa kukosa mtoto. Myombekere amemfuata ukweni, na wakwe hawakumfukuza, ila wamemtoza pombe ya ndizi ambayo lazima ailete kwanza ndipo arudishiwe mke. Mwandishi hana haraka hata kidogo. Anakueleza jinsi watu wanavyoamkiana, jinsi mgeni anavyopokewa na kukirimiwa, na jinsi kazi inavyofanywa kutoka hatua moja hadi nyingine, mpaka unahisi umekaa nao barazani. Swali linalonishughulisha wiki hii ni kama ile pombe ni adhabu kwa mkwe, au ni njia ya wazee kumpa nafasi ya kuonyesha hadharani kwamba mke huyu, ambaye wengine wamemwona hana faida, yeye anamthamini. Sijakata shauri, na ndiyo maana ninawaambia leo. Nikingoja mpaka nifunge ukurasa wa mwisho, swali hili litakuwa limepoa, nami nitabaki na sentensi moja tu ya kuwapa, kwamba ni kitabu kizuri. Sentensi hiyo haijawahi kumfanya mtu yeyote afungue kitabu.

Kitabu hiki kina historia ambayo kila msomaji wa mji huu anapaswa kuijua. Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Aliiandika riwaya yake kwa Kikerewe na kuikamilisha mwaka 1945, lakini hakupata wa kuichapisha. Baadaye aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, yaani miaka 35 baada ya kuikamilisha. Mwaka uliofuata, 1981, mzee huyo akafariki. Meli za kwenda Nansio, bandari ya Ukerewe, zinaondoka hapa bandarini kwetu, zimebeba wanafunzi, wafanyabiashara na watumishi wa umma, na ninaamini wengi wao hawajawahi kuambiwa kwamba kisiwa wanachokwenda kina riwaya kubwa kiasi hicho juu ya maisha ya wazee wake. Muswada uliosubiri miaka yote hiyo haustahili kusubiri tena kwa sababu ya ukimya wetu.

Sasa, kupendekeza kunataka uangalifu, na hapa ningependa tukae kidogo. Kitabu hupendekezwa kwa mtu, hakipendekezwi kwa umati. Mfano mzuri tunao hukohuko Ukerewe, kwa Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020. Kijana anayekuuliza aanzie wapi kumsoma Kezilahabi, ukimpa *Nagona* ya mwaka 1990 kwa kuwa ni nyembamba, utakuwa umemdhulumu. Ni kitabu cha kurasa chache, lakini kinakwenda kama ndoto, hakishiki mfuatano wa matukio aliouzoea, na huenda akakiweka chini akidhani kosa ni lake. Mpe kwanza *Rosa Mistika*, iliyotoka mwaka 1971, au *Gamba la Nyoka* ya mwaka 1979 ikiwa ana babu au bibi anayekumbuka siku za kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. *Nagona* itamsubiri.

Mzazi mmoja ameniuliza kabla ya kikao kama ni sawa binti wa sekondari kusoma *Rosa Mistika*, kwa kuwa amesikia kwamba wakati fulani ilizuiwa mashuleni. Ni kweli ilizuiwa. Jibu langu ni kwamba binti asome, na mzazi asome pia, ikiwezekana yeye atangulie. Wengi hukitaja kitabu hiki kwa mambo ya msichana, wakasahau kwamba kinamchunguza baba vilevile: Zakaria, mlevi, mwenye ukali unaodhaniwa kuwa malezi. Rosa anatoka nyumbani akiwa amefundishwa woga tu, na woga huo haumfai kitu anapofika mahali ambapo baba haonekani. Ukimkabidhi binti kitabu hiki bila neno, umempa nusu yake. Mwambie mapema kwamba kina huzuni nyingi na kwamba mwisho wake ni mzito, bila kumsimulia mwisho wenyewe, kisha mwambie utapenda kujua anamwonaje Zakaria.

Mpendekezaji mwaminifu husema pia penye ugumu. Mimi nikimpa mtu riwaya ya Kitereza humwambia wazi kwamba ni ndefu, kwamba kuna kurasa ambazo hadithi inasimama ili desturi ielezwe, na kwamba asiione mila ya kila ukurasa kuwa jambo la kuigwa. Msomaji aliyeonywa huvumilia. Yule aliyeahidiwa utamu mtupu hukata tamaa katika sura ya tatu, na safari nyingine hatakuamini. Naye akikirudisha bila kukimaliza, kipokee vizuri na umuulize ameachia wapi, kwa kuwa jibu hilo litakusaidia kumchagulia kingine.

Kuhusu kuazimana sina mengi. Andika kwenye daftari jina la aliyechukua na tarehe, na kitabu kisiporudi, kidai kwa upole. Wanaoogopa kuazimisha kabisa wapeleke wenzao maktaba ya mkoa, wakaulize kitabu kwa jina. Kitabu kinachoulizwa mara kwa mara huwapa wakutubi sababu ya kukitafuta.

Wapo wanaotuma picha ya jalada kwenye makundi ya WhatsApp na kuishia hapo. Si vibaya, lakini jalada halisemi umefika wapi. Ongezeni sentensi mbili za kwenu wenyewe: jambo linalowasumbua ndani ya kitabu, na mtu mnayedhani angekifurahia.

Mwenyekiti ameniruhusu tutumie muda uliobaki kwa namna hiyohiyo. Kila mmoja atasimama, ataje kitabu anachokisoma sasa, ukurasa aliofikia, na mtu mmoja humu ndani au nyumbani ambaye angetaka akisome, pamoja na sababu. Asiye na kitabu kwa sasa asione haya. Asikilize, na kabla ya kutoka amfuate mmoja wa waliosema. Mama uliyeketi karibu na dirisha, nimeona una kitabu mkobani. Tafadhali tuanze na wewe.