Kusoma Uhandisi na Anga Kwenye Chuo Kidogo: Jibu kwa Wadogo Zangu wa PCM

Habari zenu ndugu zangu, na wazazi mnaotazama, shikamooni. Karibuni tena. Leo niko nje ya jengo la sayansi hapa chuo cha Swarthmore, jimbo la Pennsylvania, Marekani, kilomita kama 18 kutoka katikati ya Philadelphia. Nimekuja kujibu swali ambalo limejaa kwenye komenti: "Dada, kama ulitaka uhandisi na mambo ya anga, kwa nini uende chuo kidogo ambacho watu wanasoma falsafa na muziki? Si ungetafuta chuo kikubwa cha ufundi?"

Swali ni la haki kabisa, na nataka nilijibu vizuri kwa sababu kuna wadogo zangu wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) wametoka Form Six wanajaza fomu wakati huu.

Kwanza mjue ni chuo cha namna gani. Kilianzishwa mwaka 1864 na Wakweka (Quakers), dhehebu la Kikristo. Wanafunzi wote kwa pamoja hawafiki 2,000, na wote wanasoma shahada ya kwanza. Hakuna masters, hakuna PhD. Kuhitimu unahitaji kozi 32, na hata ukiwa wa uhandisi ni lazima uchukue kozi tatu za fasihi na sanaa, tatu za sayansi za jamii, tatu za sayansi asilia, na ndani ya zile 32 ziwemo tatu zinazokubana kwenye uandishi. Muhula wa kwanza unapewa umefaulu au hujafaulu tu, alama hazionekani kwenye rekodi rasmi. Utaratibu huo umewasaidia wengi tuliotoka kwenye mfumo wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, kupata muda wa kuzoea.

Sasa, hiyo ya kutokuwa na PhD ndiyo watu wengi wanaiona kasoro. Mimi naiona ndiyo faida kubwa kuliko zote. Ngoja niwaonyeshe.

Mnaona lile kuba kule juu ya paa? Pale ndani kuna darubini yenye kioo cha sentimita 61. Kwenye chuo kikubwa, darubini kama ile ina foleni: maprofesa, watafiti, wanafunzi wa PhD, na wewe wa mwaka wa pili unaambulia kuonyeshwa picha. Hapa anayekaa kwenye zamu usiku ni sisi.

Na kazi inayofanyika si ya maonyesho. Kuna satelaiti ya NASA inaitwa TESS, ilirushwa mwaka 2018, inatafuta sayari zinazozunguka nyota nyingine. Inachotazama ni nyota kufifia kidogo pale sayari inapopita mbele yake. Tatizo ni kwamba pikseli za TESS ni pana sana, na ndani ya moja zinaweza kujibana nyota kadhaa. Satelaiti inaona mwanga umepungua, lakini haijui ni nyota ipi iliyofifia. Pengine hakuna sayari yoyote, ni nyota mbili tu jirani zinazozibana. Hapo ndipo zinapohitajika darubini za ardhini, zikiwemo za ukubwa kama wa hii yetu, zitazame kwa ukaribu na kusema ni ipi.

Sayari kubwa kama Mshtarii (Jupiter) ikipita mbele ya nyota kama Jua letu, mwanga unapungua kwa asilimia 1 hivi. Moja tu! Na wakati huohuo hewa inachafuka, unyevu unapanda, nyota yenyewe inashuka kuelekea upeo wa macho. Kwa hiyo hupimi nyota yako peke yake. Unachagua nyota nyingine kadhaa kwenye picha hiyohiyo, unagawanya mwanga wa ile yako kwa mwanga wa hizo jirani, picha baada ya picha kwa saa kadhaa. Wingu jembamba likipita linazipunguza zote kwa pamoja, na hesabu inajisahihisha. Kinachobaki kikiwa na bonde dogo katikati ya grafu, basi una jambo la kuripoti.

Wadogo zangu, nyumbani kwenye practical ya pendulum tunaijua 9.8, jibu la kasi ya mvutano wa Dunia, kabla hatujafunga uzi, ndiyo maana watu wanapika data. Hapa hakuna wa kupikia, kwa sababu jibu halipo kwenye kitabu chochote. Profesa mwenyewe halijui. Mnalitafuta naye.

Na chuo hiki kina historia nzito kwenye hilo hasa. Kuba lile linaitwa kwa jina la Peter van de Kamp, Mholanzi aliyekuja hapa mwaka 1937. Kwa miaka mingi alipiga picha nyota ya Barnard, iliyo umbali wa miaka-nuru 6 hivi (mwanga wake unatufikia baada ya miaka 6), na mwaka 1963 akatangaza kwamba inayumba kwa sababu ina sayari inayoivuta. Dunia nzima ilisikia. Mwaka 1973 wanaastronomia wengine wakaitazama kwa vyombo tofauti, hawakuona kuyumba kokote. Halafu mtu wa kituo cha anga cha zamani cha chuo hikihiki akagundua kwamba nyota nyingine kwenye picha za darubini ya zamani ya hapa nazo zilihama, na zilihama nyakati zilezile lenzi ilipofunguliwa na kurekebishwa. Darubini ndiyo iliyokuwa inayumba!

Jina lake halikufutwa, na mimi nakiheshimu chuo kwa hilo. Mzee alifanya kazi kwa uvumilivu wa ajabu. Mwaka 2024 darubini kubwa ya Ulaya iliyoko Chile ikathibitisha sayari kwenye nyota ileile, ila ni ndogo kuliko Dunia na haifanani na ile aliyoitangaza yeye.

Kwa mimi mwanafunzi wa uhandisi, kisa kile kilinifungua macho: fizikia ya nyota iliangushwa na ufundi wa chombo. Hapa idara ya fizikia na astronomia na idara ya uhandisi si mbali kwa mbali, unavuka tu. Ndiyo maana nasoma uhandisi na kuongeza astronomia kama somo dogo.

Wajomba wananiuliza, injinia wa nini? Barabara? Umeme? Shahada ya hapa ni ya uhandisi kwa ujumla. Unapita mekanika, saketi za umeme na mengineyo, halafu unachagua mwelekeo, na mwaka wa mwisho unabuni mradi wako. Programu inatambuliwa na ABET, wanaokagua uhandisi Marekani. Lakini kama mpango wako ni kurudi kusajiliwa Tanzania, waulize ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi) mapema kuhusu shahada isiyotaja tawi, na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kuhusu utambuzi wa shahada za nje. Ulizeni kabla ya kuondoka.

Mabinti, mtafuteni Nancy Grace Roman. Alihitimu hapa 1946, akawa mkuu wa kwanza wa astronomia NASA, na bila yeye Hubble, darubini ya angani ya NASA, isingepata njia. John Mather naye alihitimu 1968, akapata Nobel ya fizikia 2006.

Fedha. Gharama inapita dola 80,000 kwa mwaka, msishtuke. Ukikubaliwa na uliomba msaada, chuo kinalipia pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia, bila mkopo. Ila kwa sisi wa nje, kuomba msaada kunazingatiwa wakati wa kuamua kukupokea, kwa hiyo ushindani ni mkali kweli. Ombeni vyuo vingi.

Video ijayo nitakaa na fomu ya CSS Profile, ile ya kuombea msaada wa fedha, kipengele kwa kipengele, hasa kile cha kipato cha mzazi asiye na payslip, mwenye duka au shamba. Mwenye swali kuhusu hicho aliweke kwenye komenti kabla ya Jumamosi.