Faili la Ofisi ni Mali ya Nani?

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, nanyi wanafunzi wa utunzaji wa kumbukumbu ambao karibuni mtakabidhiwa masjala za watu, habari za mchana.

Mada ya miundo ya mafaili huachiwa watu wa kompyuta. Mimi naona ni yenu kwanza. Barua iliyopigwa taipu mwaka 1962, ukiitoa kabatini leo unaisoma kwa macho yako. Barua iliyoandikwa kwa kompyuta mwaka 1992 inahitaji programu inayojua maneno yalivyopangwa ndani ya faili. Ikiwa anayejua mpangilio huo ni kampuni moja, kumbukumbu ya umma imewekwa rehani kwa kampuni hiyo.

Jambo hili limeshatokea. Septemba 2007 Microsoft ilitoa sasisho la tatu la Office 2003. Waliolisakinisha walikuta mafaili ya Word ya kabla ya toleo la 6 hayafunguki tena. Sababu iliyotajwa ni usalama. Njia ya kuyafungua ilikuwepo, lakini ilikutaka uingie ndani ya mipangilio ya Windows, mahali ambapo karani wa masjala hana sababu ya kupagusa. Tena waliofunga mlango ni watengenezaji wenyewe wa programu iliyoandika mafaili hayo. Hapo mwananchi akija kudai nakala ya hati yake, utamjibu nini?

Upande wa pili upo muundo unaoitwa ODF, ambao mafaili yake huishia na .odt, .ods au .odp. Chimbuko lake ni StarOffice, programu ya Kijerumani. Sun Microsystems iliinunua mwaka 1999, na mwaka uliofuata msimbo wake, yaani maagizo yanayoiunda programu, ukawekwa huria kwa jina la OpenOffice.org. OASIS, shirika la viwango vya kompyuta, liliupitisha muundo huo kuwa kiwango Mei 2005, na mwaka 2006 ukawa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 26300. Sisi Waswahili tulionja matunda yake mapema. Mwaka 2004, katika mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Msimbo ulikuwa huria, kwa hiyo walitafsiri bila kungoja kampuni yoyote iamue kwamba wasemaji wa Kiswahili ni soko la kutosha. Mimi bado naiheshimu sana kazi ile.

Leo jioni fanyeni jaribio. Chukueni nakala ya faili la .odt, badilisheni mwisho wa jina lake uwe .zip, kisha lifungueni. Ndani mtakuta content.xml, na humo ndimo maneno ya barua yenu yalimo, yanasomeka kwa programu yoyote ya maandishi matupu. Fanyeni hivyo hivyo kwa .docx. Mtakuta folda inayoitwa word, na ndani yake document.xml. Mtaniuliza: kama yote mawili yanafunguka hivyo, ugomvi uko wapi?

Ugomvi uko kwenye maelezo ya kiwango. Muundo wa .docx unaitwa OOXML. Ulipitishwa na shirika la viwango la Ecma Desemba 2006, kisha ukapelekwa ISO, shirika la kimataifa la viwango, kwa njia ya haraka ukiwa na kurasa zipatazo 6,000. ODF ilikuwa na takriban 700. Katika kurasa zile 6,000 mlikuwa na agizo linaloitwa autoSpaceLikeWord95, yaani panga nafasi kama Word 95 ilivyopanga. Word 95 ilipangaje? Hapakuwa na maelezo ya kumwezesha mtu wa nje kuifuata.

Upande wa lahajedwali ulinishangaza zaidi. Mwaka 1900 haukuwa na tarehe 29 Februari, kwa sababu mwaka unaofunga karne huwa mrefu pale tu unapogawanyika kwa 400. Lotus 1-2-3, programu ya lahajedwali iliyoitangulia Excel, iliuhesabu kuwa mrefu. Excel ikaiga kosa hilo makusudi ili mafaili ya Lotus yasivurugike. Sasa kosa hilo likawa linataka kuandikwa katika kiwango cha dunia, kila mtengenezaji wa programu alifuate.

Septemba 2007 OOXML haikupata kura za kutosha. Februari 2008 wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana Geneva kwa siku tano kujadili hoja zaidi ya elfu moja, nyingi zikaamuliwa kwa kura ya jumla bila kujadiliwa moja moja. Kufikia mwanzo wa Aprili kiwango kilikuwa kimepita. Afrika Kusini, Brazili, India na Venezuela zilikata rufaa, rufaa zikakataliwa, na Novemba kikachapishwa kama ISO/IEC 29500. Kina namna mbili: moja safi, nyingine ya mpito, iliyobeba mabaki ya zamani. Usipochagua vingine, Word huhifadhi kwa ile ya mpito. Kwa maoni yangu, kiwango kilichoandikwa ili kueleza programu moja hakiwezi kuwa sawa na kilichoandikwa ili programu nyingi zikutane.

Wapo waliopinga ODF kwa hoja nzito, nao wasikilizwe. Jimbo la Massachusetts huko Marekani liliamua Septemba 2005 kwamba hati za ofisi zake zitumie ODF. Wasioona walilalamika kwamba programu zao za kusoma skrini kwa sauti zilifanya kazi vizuri na Microsoft Office, si na programu za ODF. Walikuwa na haki kabisa. Malalamiko yao yalizaa matunda, kwani ODF 1.1 ya mwaka 2007 iliongezewa mambo ya kuwasaidia. Mwaka huo huo jimbo liliiongeza OOXML katika orodha yake ya miundo inayokubalika. Uingereza ilichagua ODF mwaka 2014 kwa hati zinazohaririwa kwa pamoja, na haikurudi nyuma.

Sasa ya ofisini kwenu. Hati ikivurugika ikihamia LibreOffice, programu huria ya ofisi inayotumia ODF, angalieni fonti, yaani aina ya herufi, kabla ya kulaumu muundo. Kompyuta isiyo na fonti ya Calibri hukunja mistari mahali pengine. Wekeni fonti ya Carlito, ambayo herufi zake zina upana ule ule. Hati inayoendelea kuhaririwa ikae katika ODF. Iliyokwisha kusainiwa ihifadhiwe kwa PDF/A, aina ya PDF ya kutunza hati kwa muda mrefu, ambayo hulazimu fonti ziwemo ndani ya faili lenyewe. Lahajedwali zenye makro, yaani amri zilizoandikwa ndani ya faili ili kazi ijiendeshe yenyewe, hasa za bajeti na mishahara, ziorodhesheni kwanza na mzijaribu moja moja, maana makro mara nyingi hazihami salama. Na mafaili ya zamani ya .doc yabadilisheni sasa, wakati programu za kuyasoma bado zipo, ila nakala ya asili msiifute hata kama mpya inaonekana sawa.

Karibuni kwa maswali.